Mahakama za Biblia Ukutani: Tathmini ya Picha Sita Kutoka kwa Fundi wa Fremu wa Nasser Road

Ofisi yetu ya mawakili ilipohamia ghorofa ya pili ya jengo lililo mwendo wa dakika chache kutoka Mahakama ya Buganda Road mjini Kampala, mkubwa wetu, ambaye sote tunamwita Mzee, alitangaza kwamba hataki kuona ukutani kalenda ya benki wala picha ya mto Nile wakati wa machweo. Alitaka picha za kesi, na kwa kuwa amelelewa katika Biblia, alitaka kesi za Biblia: Sulemani na wale wanawake wawili waliogombania mtoto, Susana na wazee, Yesu mbele ya kuhani mkuu na mbele ya Pilato, Paulo mbele ya liwali Feliki. Mimi ni karani wa ofisi, kwa hiyo kazi ya kutafuta, kuagiza, kulipa na kubishana iliniangukia mimi. Ninachoandika hapa ni tathmini ya kazi niliyopokea kutoka karakana moja ya uchapaji na fremu katika barabara ya Nasser, na ningependa aisome mtu yeyote anayefikiria kupamba ofisi, ukumbi wa parokia au sebule yake kwa picha za namna hii, kabla hajatoa malipo ya awali.

Karakana yenyewe sitaitaja kwa jina, kwa sababu nina malalamiko juu yake na fundi hayupo hapa kujitetea. Ni chumba kimoja chenye mashine ya kuchapa picha kubwa, meza ya kukatia vioo, na mbao za fremu zilizoegemezwa ukutani hadi darini. Fundi ni mtu wa Arua, Kiswahili chake kimenyooka, na kompyuta yake ina folda nyingi za michoro ya kale aliyoikusanya kwa miaka, kwa kuwa makanisa ni wateja wake wakubwa. Bei ni shilingi 140,000 kwa picha moja ya ukubwa wa A2, yaani sentimita 42 kwa 59.4, pamoja na fremu ya mbao na kioo. Picha sita zikawa 840,000, nusu mkononi. Aliahidi siku saba akatoa kazi siku ya kumi na mbili, jambo ambalo katika mtaa ule si habari, nami sikulihesabu kuwa kosa.

Iliyotoka vizuri kuliko zote ni Hukumu ya Sulemani ya Nicolas Poussin, Mfaransa aliyeichora mwaka 1649, na ambayo asili yake imo katika jumba la Louvre mjini Paris. Sulemani ameketi katikati kabisa, juu, kati ya nguzo mbili, na mikono yake imeachana kama sahani za mizani inayosubiri kuwekewa uzito. Upande wa kushoto askari amemninginiza mtoto kwa mguu mmoja, upanga tayari, na mama halisi amepiga magoti huku ametupa mikono mbele kumzuia. Upande wa kulia yuko mama mwongo: amekumbatia maiti ya mtoto wake mwenyewe na kumnyoshea mwenzake kidole, na uso wake Poussin ameupaka rangi ya kijani iliyokufa, inayokaribia rangi ya ile maiti. Ushahidi wote wa kesi umo katika ngozi hiyo. Mashine ya kuchapa iliyozoea picha za harusi ingeweza kuipasha rangi hiyo joto, mama mwongo akaonekana mwenye afya njema, na mtazamaji akabaki bila kujua kwa nini mfalme aliamua kama alivyoamua. Fundi aliiacha kama ilivyo. Nilisimama mbele ya picha hiyo pale karakanani na kuona kwamba hata kwa kimo cha A2 kijani kile kinasomeka kutoka mlangoni.

Mzee alifurahi zaidi nilipomweleza kwamba wazo lake lina ukoo mrefu. Huko Venice, kwenye kona ya Kasri la Watawala iliyo karibu na mlango mkuu, Sulemani na wale wanawake wamechongwa katika jiwe tangu karne ya 15, mahali ambapo kila aliyeingia kutafuta haki alipita chini yao. Amsterdam nao, walipojenga jumba lao la mji katika karne ya 17, walimwagiza mchongaji Artus Quellinus aweke hukumu ya Sulemani katika marumaru ndani ya chumba kile kile ambamo hukumu za kifo zilisomwa. Mshtakiwa aliyesimama pale alisikia neno la mwisho la hakimu huku akimtazama mfalme aliyeokoa mtoto. Sijui kama hilo lilimfariji au lilimwongezea uchungu.

Susana ndiye aliyenichosha. Habari yake imo katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli katika Biblia tunayoisoma sisi Wakatoliki, na Mzee, ambaye ni Mprotestanti, ilimbidi aazime ya kwangu. Wazee wawili ambao pia ni waamuzi wanamvizia bustanini anapooga, anawakataa, wanamzushia uzinzi, na mkutano unamhukumu kufa. Ndipo kijana Danieli anapopaza sauti, anawatenganisha wale mashahidi wawili na kumwuliza kila mmoja swali moja tu: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja anataja mti huu, mwingine mti ule, na kesi inaporomoka. Kwa wakili hakuna ukurasa mtamu kuliko huo katika Maandiko yote. Lakini fundi alipofungua folda ya Susana, karibu picha zote zilikuwa za mwanamke asiye na nguo kando ya maji.

“Nnyabo,” aliniambia, “huyu ndiye Susana anayechorwa.”

Hakukosea. Wakristo wa kwanza walimpa Susana nafasi katika michoro ya makaburi ya chini ya ardhi kule Roma kama mfano wa mtu aliyeokolewa, lakini kuanzia karne ya 16 wachoraji wa Ulaya waliiacha mahakama wakakimbilia bustanini, kwa kuwa maji na ngozi viliuzika kuliko swali la mti. Yupo mmoja aliyelichukua tukio hilo hilo na kulibadilisha kabisa. Artemisia Gentileschi, mwaka 1610, akiwa bado hajafika miaka 18, alimchora Susana akijipinda kwa karaha juu ya jiwe gumu, mikono imeinuliwa kuwasukuma, huku wazee wawili wakimwinamia kutoka juu ya ukuta wakinong'ona kama watu wanaopanga maneno ya kwenda kusema. Mwaka 1612 Artemisia mwenyewe alisimama mbele ya mahakama ya Roma, baba yake alipomshtaki mchoraji Agostino Tassi kwa kumbaka binti huyo, na alitoa ushahidi huku vidole vyake vimekazwa kamba ili ijulikane kama anasema kweli. Mchoraji anayekazwa vidole ili aweze kusadikiwa! Ningeweza kuitundika picha hiyo chumbani kwa Mzee, lakini haifai chumba cha kusubiri, ambamo mwanamke mwenye kesi ya namna hiyo anaweza kuwa ameketi chini yake akishika faili lake.

Tuliponea kwenye kitu ambacho si mchoro hata kidogo. Katika British Museum kuna jiwe angavu kama kioo, la mviringo, lililochongwa katika karne ya 9 kwa amri ya Lothair, mfalme wa Wafranki, ambaye jina lake limeandikwa juu yake. Mchongaji ameikusanya habari nzima ya Susana katika matukio manane, na Danieli anawahoji wale wazee mmoja mmoja, kama inavyopasa. Fundi alikuwa na picha safi ya jiwe hilo. Lina ufa, naye aliniuliza kama aufute kwa kompyuta, nilimwomba auache. Chapa imetoka ya kijivu, mistari ni myembamba kama nyuzi za katani, na kwa kweli lazima usogee karibu ili uone chochote. Wateja wanasogea. Nimemwona mzee mmoja aliyekuja kwa kesi ya mpaka wa shamba akiifuata hadithi kwa kidole juu ya kioo, tukio hadi tukio, bila kuambiwa na mtu ni habari gani.

Sasa nifike kwenye lawama, na lawama yenyewe ni juu ya giza.

Picha ya tatu ni Kristo Mbele ya Kuhani Mkuu ya Gerrit van Honthorst, Mholanzi aliyeichora Roma mnamo mwaka 1617 na ambaye Waitalia walimpa jina la Gherardo wa Usiku. Asili yake, iliyoko National Gallery mjini London, ina kimo cha mita 2.7 hivi, kwa hiyo watu wake wana ukubwa wa watu. Mshumaa mmoja umewekwa juu ya meza, kitabu cha sheria kimefunguliwa kando yake, kuhani ameketi na kuinua kidole, na Yesu amesimama upande wa pili akiwa amefungwa mikono, kanzu yake nyeupe ikirudisha mwanga kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Nyuma kuna vichwa vya mashahidi na askari ambavyo macho yanavikuta polepole. Kesi ya usiku, bila umma, yenye mashahidi waliopangwa: mchoraji hakuhitaji kueleza kwamba utaratibu umevunjwa, giza limeeleza. Chapa niliyoletewa ilikuwa imeongezwa mwanga. Ukuta wa nyuma ulionekana wote, kila uso ulikuwa wazi kama picha ya pasipoti, na mshumaa ule ulikuwa umewashwa mchana. Fundi alijitetea kwamba wateja hurudisha picha zenye giza wakidhani wino uliisha, na naamini alisema kweli, lakini hakuniuliza.

Kosa hilo hilo lilifanywa kwa picha ya nne, na hapo lilikuwa kubwa zaidi. Ni Kweli ni Nini? ya Nikolai Ge, Mrusi, ya mwaka 1890. Ili kuelewa kilichoharibika yafaa kukumbuka jinsi Pilato alivyochorwa kabla yake. Katika jeneza la marumaru la Junius Bassus, ofisa wa Roma aliyefariki mwaka 359, Pilato ameketi akigeuza uso pembeni, mkono karibu na kidevu, maji ya kunawa yakiandaliwa. Ni hakimu anayetafuta mlango wa kutokea. Katika Injili ya Rossano, kitabu cha karne ya 6 chenye kurasa za zambarau, amewekwa kwenye kiti cha hukumu na umati umepangwa pande zote mbili, kesi rasmi yenye karani wake. Tintoretto, Venice, mnamo mwaka 1566, alimsimamisha Yesu mrefu na mweupe katikati ya kivuli, mwanga wote juu yake, na Pilato aliyevaa nyekundu akanawa mikono huku uso ameugeuzia kando. Kwa karne nyingi, basi, kanuni ilikuwa moja: mshtakiwa ndiye mwenye nuru. Sisi tuliokulia katika parokia za Uganda tunaijua kanuni hiyo bila kufundishwa, kwa kuwa kituo cha kwanza cha Njia ya Msalaba, Yesu anahukumiwa afe, kinaning'inia kwenye ukuta wa kila kanisa letu, na hata katika zile picha za plasta za bei nafuu Yesu ndiye mwenye rangi angavu.

Ge aliigeuza. Pilato wake, mnene, amevaa nguo nyeupe, ametupa mgongo kwetu na kunyosha mkono kama mtu anayetupa neno la dharau kabla ya kwenda kula, na jua la asubuhi limemmwagikia yeye na sakafu iliyo mbele yake. Yesu yuko ukutani, kivulini, nywele zimetimka, mikono nyuma, amechoka kama mtu aliyelala mahabusu. Picha hiyo ilipoonyeshwa Saint Petersburg iliwakera wakubwa hata ikaondolewa katika maonyesho. Mwandishi Tolstoy ndiye aliyeitetea, na Pavel Tretyakov, mkusanyaji wa michoro, akainunua, ndiyo maana leo imo katika jumba la Tretyakov mjini Moscow. Fundi wetu wa Nasser Road alikuwa ameunyanyua mwanga juu ya uso wa Yesu na kupunguza jua la Pilato kidogo. Nilipomwuliza sababu, hakuzungumzia wino.

“Ssebo, umeibadilisha,” nilimwambia.

“Nnyabo, ningewezaje kumwacha Bwana gizani na mpagani akae juani?”

Nilikaa kimya. Pingamizi lake lilikuwa lile lile la mwaka 1890, na alikuwa amelifikia mwenyewe, mbele ya kompyuta, bila kumsoma mtu. Namheshimu kwa hilo kuliko ninavyomheshimu mchapaji ambaye angeichapa sawasawa bila kuitazama. Hata hivyo mteja ameagiza picha ya Ge, na picha ya Ge haipo tena mara giza lake linapoondolewa. Alizichapa upya zote mbili. Ya Honthorst aliirudia bure. Ya Ge alinitoza shilingi 40,000 za karatasi, kwa hoja kwamba kosa la kwanza lilikuwa la mashine na la pili lilikuwa la imani. Nililipa, lakini sikukubali hoja hiyo, wala sikubali hadi sasa.

Picha ya tano ni ya Rembrandt, mwaka 1655: Kristo Akionyeshwa kwa Watu. Hii haikupakwa rangi, ilichorwa kwa sindano juu ya bamba la shaba na kupigwa chapa, na kwa kuwa mchoro wa namna hiyo huchakaa haraka, Rembrandt aliurudia kuurekebisha, kwa hiyo ziko hatua nane tofauti za picha moja. Katika hatua za kwanza umati umejazana mbele ya jukwaa ambalo juu yake wamesimama Yesu, Pilato na Baraba. Katika hatua za mwisho Rembrandt aliukwangua umati ule wote, mtu kwa mtu, akaacha ukuta mtupu wenye matao mawili meusi kama midomo ya shimo. Hakuna tena anayepiga kelele “Asulibiwe”, isipokuwa yule aliyesimama mbele ya picha. Fundi alikuwa na hatua zote mbili kwenye folda moja na alidhani ile isiyo na umati haijakamilika. Niliichagua hiyo hiyo. Chapa ni safi na wino ni mweusi unavyotakiwa, ila ukingo wa juu umekatwa karibu kidole kimoja ili uingie kwenye fremu ya kipimo chake. Nilitaka kugomba, kisha nikakumbuka kwamba Rembrandt naye, katikati ya kazi, alilikata bamba lake upande ule ule wa juu. Nikanyamaza. Asiye na kumbukumbu hiyo ana haki ya kulalamika.

Ya sita ilichaguliwa na Mzee kwa sababu moja, nayo ni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya mawakili. William Hogarth alichora Paulo Mbele ya Feliki mwaka 1748 kwa ajili ya Lincoln's Inn, mojawapo ya vyama vikongwe vya wanasheria wa London, na bado wanayo. Paulo amesimama na minyororo yake akitoa hoja, na liwali anaingiwa na hofu. Kama mchoro, sioni ajabu yake; mikono imenyoshwa kama ya waigizaji wa shule, na ni dhahiri kwamba Hogarth alikuwa hodari zaidi katika kukejeli kuliko katika kuhubiri, maana miaka michache baadaye alichora toleo la kejeli la tukio hilo hilo, kwa kumdhihaki Rembrandt. Lakini mteja anayejua Matendo ya Mitume sura ya 24 anajua pia mstari unaofuata: Feliki alitumaini Paulo angempa fedha, akawa anamwita mara kwa mara, na kesi ikakaa miaka miwili bila uamuzi. Mzee ameitundika mkabala na meza ya kupokelea wateja na hajaeleza kwa nini.

Kuhusu kazi ya mikono niseme haraka. Fremu ni za mbao ngumu, pembe zimekutana vizuri, na waya wa kutundikia umefungwa kwa skrubu badala ya misumari. Kioo ni cha kawaida, na picha zenye giza, yaani Honthorst na Ge, zinarudisha dirisha lililo mkabala nazo kuanzia saa nane mchana. Ukiagiza za namna hiyo, tafuta ukuta usiotazamana na mwanga. Zilifungwa kwa maboksi na magazeti na kuletwa kwa boda boda kwa safari mbili, na hakuna kioo kilichopasuka, jambo ambalo mimi mwenyewe sikulitarajia nilipoona fremu zikikatiza msongamano wa Kampala Road mgongoni mwa kijana.

Kasoro moja si ya fundi. Katika folda zake zote sikukuta kesi hata moja iliyochorwa na mtu wa huku. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma sanaa Makerere, alichora kwenye kuta za kanisa la Murang'a maisha ya Yesu katika mandhari ya Waafrika, lakini kutoka Gethsemane anaruka moja kwa moja hadi msalabani, mahakama haimo. Waethiopia wamempa Pilato siku yake katika kalenda ya watakatifu, wakati sisi tunamnawisha mikono kila Ijumaa ya Kwaresima. Nilimwuliza fundi kama angepata mchoraji wa kutuchorea Danieli na swali lake la mti, huku miti yenyewe ikiwa mvule na muembe. Alisema anamjua kijana mmoja, na kwamba itagharimu zaidi ya chapa.

Mzee hajaamua juu ya hilo. Mimi nimerudi Nasser Road kuagiza ile hatua ya Rembrandt yenye umati, ili zitundikwe mbili pamoja, na nimeshalipa shilingi 70,000. Safari hii nimeandika maagizo kwenye karatasi, naye ameyabandika juu ya mashine: usiongeze mwanga, usikate, na ukiwa na pingamizi la imani, nipigie simu kwanza.